Penzi Lisilo na Hati

Jioni ya tarehe 13 Aprili, 2008, katika ukumbi wa KeyArena mjini Seattle, kaskazini-magharibi ya Marekani, watu zaidi ya 16,000 walikusanyika kuiangalia timu ambayo haikuwa na kombe lolote la kugombania. Timu yenyewe ilikuwa SuperSonics ya mpira wa kikapu, au Sonics kwa jina la mapenzi, nayo ilikuwa katika msimu mbaya kuliko yote iliyowahi kuipitia: michezo 82 ilipokwisha kuhesabiwa, ilikuwa imeshinda 20 tu. Hata hivyo watu walikuja. Wengi walivaa kijani na dhahabu, rangi za timu, na kelele zao zilikuwa na ombi moja, kwamba Sonics iokolewe. Kijana wa miaka 19, Kevin Durant, aliyekuwa akimaliza msimu wake wa kwanza, aliwapungia mikono wazidishe sauti, nao wakazidisha. Sonics wakawashinda Dallas Mavericks kwa pointi 99 kwa 95. Timu ile haikucheza tena katika ukumbi ule.

Mwanasheria akiulizwa watu wale walipoteza nini, atajibu kuwa hawakupoteza kitu. Kila mmoja alikata tiketi, akakalia kiti alichokilipia, akauona mchezo hadi mwisho, na hapo deni likawa limekwisha. Timu ilikuwa na mwenyewe, na mwenyewe ana haki ya kukipeleka kilicho chake anakotaka. Wahenga walikwishaonya: mtegemea cha nduguye hufa maskini. Mshabiki wa timu ya kulipwa amekitegemea cha mtu ambaye si ndugu yake hata kidogo, mtu asiyemjua jina wala sura, na ambaye pengine hajawahi kulala usiku mmoja katika mji wake. Lakini jioni ile watu wazima walilia, na kilio chao hakikuwa cha mchezo.

Msomaji na amfikirie mtu mmoja tu, asiye na jina, aliyezaliwa Seattle mwaka 1967, mwaka uleule ilipoanzishwa timu. Jina la SuperSonics lilitokana na ndege. Kampuni ya Boeing, iliyokuwa ikiulisha mji huo, ilikuwa imepewa kazi ya kubuni ndege ya abiria ya kwenda kasi kuliko sauti, na mji ukajivunia ndege hiyo kabla haijaundwa. Mwaka 1971 Bunge la Marekani lilikata fedha za mradi, maelfu ya watu wakakosa kazi, na ndege haikuruka hata siku moja. Likabaki jina juu ya fulana za wacheza kikapu. Mtoto yule alikuwa na miaka minne.

Alikuwa na miaka 11 timu ilipofika fainali mwaka 1978 na kushindwa na Washington katika mchezo wa saba, na 12 iliporejea mwaka uliofuata ikawashinda watu walewale michezo minne kwa mmoja. Hapo alijifunza kuyataja majina kama mtoto wa chuoni anavyozitaja herufi: Gus Williams, Jack Sikma, Dennis Johnson, Fred Brown wa mitupo ya mbali, na juu yao kocha Lenny Wilkens, aliyewahi kuwa mchezaji wa timu hiyohiyo. Alikuwa na miaka 29 Gary Payton na Shawn Kemp walipoifikisha timu fainali ya 1996 na kuangushwa na Chicago ya Michael Jordan katika michezo sita. Usiku ambao hakupata tiketi, redio ilimtosha. Kevin Calabro alikuwa mtangazaji wa timu tangu 1987, na kuna nyumba zilizomjua kwa sauti kuliko zilivyowajua jirani zao.

Katika miaka hiyo timu ilibadili mikono, na mtu wetu hakushtuka. Sam Schulman aliishika tangu mwanzo hadi 1983, akaipokea Barry Ackerley, na mwaka 2001 ikanunuliwa na kundi lililoongozwa na Howard Schultz, mkuu wa kampuni ya kahawa ya Starbucks iliyoanzia mjini humo, kwa dola milioni 200. Mshabiki alizisoma habari hizo gazetini kama mpangaji anavyosikia kuwa nyumba imerithiwa na mtoto wa marehemu: maadamu mlango ni uleule na ufunguo unaingia, maisha yanaendelea. Kwa hakika Schultz alipokelewa kwa furaha, kwani alikuwa mtu wa mji, na ilidhaniwa kuwa mtu wa mji ataijua thamani ya kitu cha mji.

Kubadilika kwa mwenye mali, peke yake, hakumuumizi mshabiki. Kinachomuumiza ni kutambua siku moja kwamba tangu awali palikuwa na mlango ambao yeye hakuujua, na kwamba ufunguo wake uko mfukoni mwa mtu mwingine.

Mlango huo ulifunguliwa mwezi Julai 2006. Schultz na wenzake walikuwa wameiomba serikali fedha za kuukarabati tena ukumbi wa KeyArena, uliokuwa umejengwa upya mwaka 1995 tu, chini ya paa la zamani la maonyesho ya dunia ya 1962. Serikali ikakataa, nao wakaiuza timu kwa dola milioni 350 kwa kundi la matajiri wa Oklahoma City lililoongozwa na Clay Bennett. Mapatano yalimtaka mnunuzi afanye juhudi ya dhati, kwa muda wa mwaka mmoja, ya kutafuta ukumbi mpya katika eneo la Seattle. Bennett alipendekeza ukumbi wa dola milioni 500 katika mji jirani wa Renton, sehemu kubwa kwa fedha za umma. Baraza la kutunga sheria la jimbo halikukubali.

Insafu inataka isemwe hapa kwamba wananchi wenyewe nao walikuwa na neno. Novemba 2006 wapiga kura wa Seattle walipitisha, kwa wingi mkubwa, sheria ya kuzuia fedha za mji zisitumike kuzijengea kumbi timu za kulipwa pasipo faida kurudi kwa umma. Waliopiga kura hiyo hawakuwa wote maadui wa Sonics. Huenda mtu wetu mwenyewe aliipigia. Alijua mabomba ya skuli ya mwanawe yanavuja, alijua pia mishahara ya wachezaji, na akaona si haki kuchanga ili tajiri ajengewe duka. Asubuhi alikuwa raia na jioni alikuwa mshabiki, na wawili hao, ndani ya ngozi moja, walipingana. Mwenye timu yoyote katika Marekani anaujua ugomvi huo wa ndani, na huutumia: husema, nijengeeni au nahama. Ni vigumu kumjibu mtu anayeshika mateka kitu ambacho wewe unakipenda na yeye anakimiliki.

Agosti 2007 mmoja wa washirika wa Bennett, Aubrey McClendon, aliliambia gazeti la Oklahoma kuwa hawakuinunua timu ili ibaki Seattle. Ligi ilimtoza faini ya dola 250,000. Faini ilikuwa kwa sababu ya kusema, na mshabiki alilifahamu hilo vizuri.

Kuanzia hapo mchezo wenyewe ukaharibika machoni pake. Mwezi Juni mwaka huohuo Ray Allen, fundi wa mitupo, alipelekwa Boston, na mwezi uliofuata Rashard Lewis akaenda Orlando. Kwa hesabu za ufundi, timu iliyomchagua Durant ilikuwa na sababu ya kuanza upya na vijana. Ila mtu aliyekwisha kuingiwa na shaka haangalii hesabu. Kila timu iliposhindwa alijiuliza kama imeachwa ishindwe, ili viti vibaki vitupu, na viti vitupu viwe ushahidi kwamba mji hauitaki. Akienda ukumbini, fedha yake ilikuwa mikononi mwa mwenye kuondoka. Asipokwenda, kiti chake kitupu kilikuwa hoja ya yuleyule. Hili ndilo jambo zito ambalo badiliko la umiliki liliwafanyia watu wa Seattle, kabla ya kuhama kwenyewe. Mapenzi yao yaligeuzwa kuwa silaha dhidi yao, wapende wasipende.

Septemba 2007 mji ulikwenda mahakamani kudai kwamba mkataba wa pango wa ukumbi, uliokuwa ufike hadi 2010, utimizwe kwa kucheza, wala usinunuliwe kwa fedha. Kesi ilisikilizwa Juni 2008 katika mahakama ya shirikisho, na nje ya jengo washabiki walikusanyika na fulana zao za kijani. Wapenda ushairi watavutiwa kujua kwamba miongoni mwa mashahidi wa mji alikuwamo mshairi na msimulizi, Sherman Alexie, aliyekuwa na tiketi za msimu. Aliitwa aeleze timu ina maana gani kwa mtu anayeipenda.

Mawakili wa wenye timu walikuwa na hoja ya kitaalamu: kwamba kuondoka kwa Sonics hakutaupunguzia mji uchumi wake kwa kiasi cha maana, kwani mtu asipotumia fedha yake kwenye kikapu ataitumia kwenye chakula au sinema. Na wataalamu wengi wa uchumi wangeunga mkono. Mji ukawa unajaribu kuthibitisha hasara isiyohesabika mbele ya meza iliyozoea hesabu. Wenye timu walizungumza lugha ya bei, na mji, kwa kinywa cha mshairi, ukazungumza lugha ya huba, na hapakuwa na mfasiri katikati. Kazi hiyo mara nyingi huachiwa washairi, na mara nyingi wao hushindwa kesi.

Hata hivyo kesi hii haikuamuliwa. Tarehe 2 Julai, 2008, saa chache kabla ya jaji kutoa hukumu, pande mbili zilipatana. Wenye timu wangelipa dola milioni 45, na timu ingeondoka mara moja. Jina la Sonics na rangi zake vingebaki Seattle, vingoje timu nyingine ikiwa itakuja, na vikombe na bendera za ushindi vikawekwa chini ya makumbusho ya mji. Calabro, ile sauti ya redio, hakuifuata timu.

Watu wa Pwani, waliolelewa katika utamaduni unaotunza majina ya mitaa ambayo wenyewe wamekwishahama au kufa, wataielewa hali ya mji uliobakiziwa jina. Mwili ulikwenda Oklahoma: wachezaji, mikataba, nafasi katika ligi. Jina likabaki ghala. Mtu wetu, ambaye sasa alikuwa na miaka 41, sawa na misimu ya timu, alikuwa na fulana ambayo si ya timu yoyote inayocheza. Alipata kujua kuwa huzuni yake haina matanga. Kifo kina mazishi na mwisho, lakini marehemu wake alikuwa akionekana kwenye televisheni kila wiki, katika rangi nyingine, akishinda.

Na kweli alishinda. Timu ile, iliyoitwa Thunder, ilifika fainali mwaka 2012 ikiwa na Durant, na mwezi Juni 2025 ikatwaa ubingwa kwa kuifunga Indiana katika mchezo wa saba. Vitabu vya ligi vinaziweka taji za 1979 na 2025 katika ukoo mmoja. Hakuna mzee wa Seattle aliyeshangilia ile ya pili kama yake, wala kijana wa Oklahoma anayeikumbuka ile ya kwanza.

Ni rahisi mno, katika kisa kama hiki, kumchukia mpokeaji. Lakini mtu wa Oklahoma City hakuiba kitu. Mji wake ulikuwa umebeba jeraha la bomu la Aprili 1995 lililoua watu 168, na wachezaji wapya wa Thunder hupelekwa kwenye kumbukumbu ya mahali hapo ili waelewe wanamchezea nani. Mji huohuo, tangu 2005 hadi 2007, uliihifadhi timu ya New Orleans iliyofukuzwa na kimbunga cha Katrina. Uliishangilia kama yake, kisha ukairudisha kwa wenyewe. Waliokwisha kupenda cha kuazima na kukirejesha hawawezi kuambiwa kuwa hawajui maana ya kupoteza. Mtoto aliyezaliwa huko mwaka 2008 ameijua Thunder kama yule wa 1967 alivyoijua Sonics, kwa herufi zilezile za mapenzi.

Hata Afrika Mashariki imo kidogo katika jambo hili. Hasheem Thabeet wa Dar es Salaam, Mtanzania wa kwanza kucheza katika ligi hiyo, alichaguliwa na Memphis mwaka 2009, na baadaye akaichezea Oklahoma City kwa misimu miwili, tangu 2012. Waliomfuatilia kwa ajili ya uzalendo waliingia katika nyumba mbili bila ya kuuliza habari za wapangaji wa kwanza, kwani timu ya Memphis nayo ilikuwa ya Vancouver, Kanada, hadi ilipohamishwa mwaka 2001, mwaka mmoja baada ya kununuliwa na mmiliki mpya. Hakuna lawama katika hilo. Mshabiki wa mbali huona jezi na mchezaji, na hati ya nyumba haionekani katika televisheni.

Mtihani mkubwa kwa watu wa Seattle ulikuja mwaka 2013. Matajiri wa mji wao walipatana kuinunua timu ya Sacramento na kuihamishia kwao, iwe ndiyo Sonics mpya. Mshabiki aliyelia mwaka 2008 akajikuta anaombwa afurahie kilio cha mwenzake wa California. Wapo waliofurahi, wakisema kuwa huo ndio mchezo wa dunia. Wapo walioona haya. Mwezi Mei wenye timu wa ligi walipiga kura na kuukataa uhamisho kwa 22 dhidi ya 8, na Sacramento ikabaki na timu yake. Pengine kura hiyo iliwaepusha watu wa Seattle na jambo ambalo wasingeweza kuwaeleza watoto wao.

Katika dhoruba yote hii palikuwa na chombo kimoja kilichosalimika, na habari zake husimuliwa kwa uchache. Pamoja na Sonics, Bennett na wenzake walinunua Storm, timu ya wanawake iliyoanza kucheza Seattle mwaka 2000 na kutwaa ubingwa 2004. Mwanzoni mwa 2008, wakati wanaume wakielekea mahakamani, wanawake wanne wa mji huo walichanga na kuinunua Storm kwa dola milioni 10. Walikuwa watu walioijua kutoka vitini. Timu haikuhama. Sue Bird aliichezea tangu 2002 hadi alipostaafu 2022, na ubingwa ukaja tena 2010, 2018 na 2020. Mji ni uleule na ukumbi ni uleule, na mnunuzi wa kwanza alikuwa mmoja. Tofauti ilikuwa ni mkono ulioishika hati, na nia ya mkono huo.

Visiwani pana neno kwa mali ya namna nyingine, nalo ni wakfu. Kisima kikiwekwa wakfu hakiuzwi wala hakirithiwi. Ana msimamizi, lakini hana mwenyewe wa kukifunga. Watu wa Marekani hawana neno hilo, ila wana mfano unaolikaribia. Green Bay, mji mdogo wa Wisconsin wenye watu wapatao 100,000, una timu ya mpira wao wa miguu na mikono, Packers, ambayo tangu 1923 ni mali ya wanahisa wa kawaida, ambao leo ni zaidi ya 500,000. Hisa zao hazileti gawio wala haziuzwi kwa faida, na kwa sababu hiyo hakuna tajiri awezaye kuja na kuihamisha. Mpira wa kikapu wa kulipwa haukujengwa hivyo. Kila timu humo ni kisima chenye mwenyewe, na waliokizunguka na ndoo huhesabiwa kuwa wateja.

Schultz, katika kitabu alichokitoa mwaka 2019, alikiri kuwa kuiuza Sonics namna alivyoiuza ni miongoni mwa majuto yake makubwa ya kazi. Majuto ni mjukuu, na huyu alichelewa kuzaliwa kwa zaidi ya muongo.

Oktoba 2018, kabla ukumbi wa KeyArena haujafungwa ili ujengwe upya, Durant alirejea na timu yake ya wakati huo, Golden State, kwa mchezo wa matayarisho dhidi ya Sacramento. Alitokeza mbele ya watazamaji akiwa amevaa fulana ya zamani ya Shawn Kemp, namba 40, ya Sonics, na ukumbi wote ukasimama. Hakuwa mmiliki wa chochote pale, wala wao hawakuwa. Ukumbi ulifunguliwa tena 2021, chini ya paa lilelile la 1962, na Storm wakarudi kuchezea humo.

Habari za timu mpya ya wanaume zimekuja na kupotea mara nyingi tangu 2008, na watu wa Seattle, ambao ni watu wa bahari na feri, wamefanya kama isemwavyo kwamba kilicho baharini kakingoje ufukoni. Mtu wetu wa 1967 amekwisha kuwa na mvi. Siku za Storm humchukua mjukuu wake ukumbini, na huenda na ile fulana ya kijani na dhahabu, iliyochakaa kwenye kola. Mtoto akimuuliza timu hiyo inacheza wapi, itambidi aanze na habari ya ndege ambayo haikuruka.